Chumba Kilichomeza Sauti

— Na hii meza nayo inatoka? Stani, hii ni meza ya mama yetu!

— Inarudisha sauti.

— Inarudisha sauti! Weye unasikia bile unasema? Juzi ulitoa kabati. Jana ulitoa picha ukutani, ata ile ya Bikira Maria. Kesho utatoa mulango, tuanze kuingia ku dirisha kama bezi.

— Mulango hapana. Mulango niliisha kuushonea mablanketi.

Kanyere alikuwa ameshika meza upande mmoja, baba yake upande wa pili, na shangazi yake Anne-Marie ameweka viganja viwili katikati, kama mtu anayezuia mtumbwi usiondoke. Kanyere alitaka kucheka kwa yale ya dirisha, lakini aliona macho ya shangazi hayachezi.

— Na batu? aliuliza Anne-Marie. Sisi batu utatutoa lini? Sisi haturudishi sauti?

Stanislas aliweka meza chini. Kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu, tabasamu la mtu aliyechoka ambaye hatimaye ameulizwa swali analolijua.

— Batu hapana. Batu banameza sauti. Chumba chenye batu ni kizuri sana. Sikia.

Akapiga kofi moja katikati ya sebule. Sauti ilikwenda, ikagonga ukuta wa nyuma, ikarudi nyembamba, ikitetemeka kama bati.

— Unasikia ile ya kurudi? Hiyo ni chumba tupu. Kungekuwa batu hapa, bamekaa, na makoti yao, na mablanketi yao, usingeisikia. Ingekufa pale pale.

— Basi oa, alisema Anne-Marie. Oa bibi, uzae batoto, chumba kijae. Donc utakuwa na bibi, na sauti nzuri, na mutu wa kukupikia, kwa mara moja.

Akaondoa mikono yake juu ya meza. Walipoitoa nje barazani alikuwa wa kwanza kuleta turubai la kuifunika, kwa sababu mvua ya Butembo haingojei mtu amalize hasira.

Stanislas hakuwa mwendawazimu. Watu wa mtaa wao, upande wa Furu, walimjua kama mwuzaji wa vipuri vya pikipiki, mpole, asiyekunywa. Mkewe Kahongya, mama yake Kanyere, aliimba sauti ya pili katika kwaya ya parokia. Mwaka wa 2019, ule mwaka ambao ugonjwa unaoambukiza kwa kugusana ulishuka kutoka Mangina ukaingia mjini kwetu, Kahongya aliingia kwenye kituo cha matibabu akitembea kwa miguu yake, na akatoka ndani ya mfuko mweupe.

Alizikwa na watu waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni. Familia ilisimama mbali, nyuma ya kamba. Walimteremsha, wakanyunyiza dawa ya klore, wakaondoka. Chai isingepata nafasi ya kupoa.

Kwetu mtu akifa nyumba hujaa. Wanawake wanakaa ndani juu ya mikeka, wanaume wanawasha moto nje, kwaya inakuja, watu wanalala pale pale sakafuni, siku zinapita. Hicho ndicho kilio. Kisha ndugu wa marehemu wanasimama na kukifunga, na kila mtu anarudi kwake. Kwa Kahongya hakuja mtu. Serikali ilikataza, na hata pale isipokataza, watu waliogopa. Ndoo ya maji ya klore ilisimama kando ya mlango wa Stanislas wiki baada ya wiki, na hakuna aliyenawa ndani yake, kwa maana hakuna aliyeingia.

Ni hapo alipoanza kutafuta sauti.

Kulikuwa na kitu kimoja kilichobaki. Miaka miwili kabla ya ugonjwa, kwaya ilikwenda kuimba kwenye kilio cha katekista mmoja mzee, na mseminari aliyekuwa na chombo kizuri cha kunasa alirekodi kila kitu tangu mwanzo hadi mwisho. Kahongya alikuwa ndani ya ile kwaya. Stanislas aliipata ile rekodi kwenye flashi ndogo ya kompyuta. Lakini alipoipiga kwenye redio ya dukani, ilitoka kama nyuki ndani ya kopo.

— Nataka mama yako aliliwe, alimwambia Kanyere. Kama batu hawakuweza kuya, sauti zao zitakuya. Mais zikuye muzuri. Zikuye kama batu.

Kanyere alikuwa bado mtoto. Alikubali kwa kichwa. Shule yake ilikuwa imekatika mwaka ule ule, na nyumba ilikuwa kimya sana.

Kazi ile ilichukua miaka. Alianza na spika za plastiki za sokoni, akazitupa. Akaenda kwa Kitsa, seremala, akamwomba atengeneze bafle, yale makasha makubwa ya spika, kwa mbao za libuyu, nene, zenye kuta mbili na mchanga mkavu katikati ili mbao zisitetemeke. Za kwanza zilinguruma. Za pili ziliimba kama mtu aliye ndani ya pipa. Kitsa alisema hata jeneza la askofu halimsumbui mtu hivyo. Za tatu zilikaa kimya zenyewe na kuacha muziki upite, na Stanislas alizipapasa kama mtu anayepapasa ng'ombe.

Kisha akagundua jenereta inaingiza mvumo wake ndani ya nyimbo, akanunua sahani za jua na betri, umeme usio na kelele. Kisha Yassini, mfanyabiashara wa Beni anayepita mpakani Kasindi kila mara, akamletea kutoka Kampala ampli ya kukuza sauti, ya zamani, isiyotumia vipande vya kisasa, inayotumia taa: vioo vidogo vinavyosimama wima juu yake na kuwaka taratibu, vyekundu, kama makaa. Yassini aliifunga ndani ya mablanketi njia nzima.

— Papa Stani, alisema akiitua, hii kitu imelala juu ya mapaja yangu kuliko bibi yangu.

Kila alipoongeza kitu, kile kilio cha zamani kilifunguka kidogo. Kwanza sauti za juu zilijitenga na za chini. Halafu ungeweza kuonyesha kwa kidole nani amesimama wapi. Halafu ukasikia kijiko ndani ya kikombe, na mtoto akimnong'oneza mama yake kwamba anataka kukojoa, na mama akimwambia ajikaze. Halafu Kahongya. Alikuwa kushoto, nyuma kidogo. Kabla ya kila ubeti alivuta pumzi.

Kanyere aliipenda ile pumzi kuliko nyimbo. Alikaa kwenye kochi karibu na baba yake, wanafumba macho, na mama anavuta pumzi mbele yao, pale, umbali wa mkono. Miaka ile hapakuwa na ubaya wowote. Walikuwa tu watu wawili wanaosikiliza.

Ubaya ulianza pale Stanislas aliposema kwamba mashine zimekwisha kuwa nzuri, na kilichobaki kibaya ni chumba.

Alibandika trei za mayai kwenye ukuta wa nyuma. Akatundika magodoro. Akashona mablanketi juu ya mlango. Akatoa kabati, picha, na ile meza. Jumamosi ile ya meza, baada ya Anne-Marie kuondoka, alipiga kofi tena. Sauti ikarudi. Ndogo, lakini ikarudi. Alikaa chini, mikono kati ya magoti, kama mtu aliyeambiwa na daktari.

Jumapili, baada ya misa, mvua ilikuwa imekatika. Mwanga mweupe uliingia dirishani. Kanyere alileta chai. Baba yake aliwasha ampli, akangoja vile vioo viwe vyekundu, na kilio kikaanza. Walikisikiliza chote. Wimbo wa mwisho ulipokwisha, Stanislas alisimama akapiga kofi.

Hakuna kilichorudi.

Akapiga tena. Ilikuwa kama kupiga kofi ndani ya gunia la maharagwe.

— Unaona? alisema, macho yanang'aa. Ilikuwa meza!

Kanyere alitaka kumwambia kwamba meza ilitoka jana, na jana sauti ilirudi. Lakini pale pale mtu alikohoa.

Kikohozi kidogo, cha adabu, cha mtu anayejizuia.

Bafle zilikuwa mbele yao. Kikohozi kilitoka nyuma, karibu na mlango.

Hawakugeuka, wote wawili. Kanyere alimwona baba yake akiinamisha kichwa taratibu, jinsi mwenye msiba anavyoinamisha kichwa mgeni anapoingia.

Alipokusanya vikombe, aligundua chai ya baba yake haijaguswa. Akaionja ili asiitupe. Ilikuwa nyekundu kama chai, na haikuwa na ladha. Aliongeza sukari. Akaongeza tena. Ilikuwa maji.

Tangu Jumapili ile Stanislas hakupiga kofi tena. Hakuhitaji. Mtu yeyote aliyeingia pale alisikia sauti yake mwenyewe ikimfia midomoni. Anne-Marie alikuja kuleta fufu, akasema hodi, akashika koo lake.

— Kuko batu hapa? alinong'ona.

— Hapana, tantine, alijibu Kanyere.

— Mbona ni kama kuko batu?

Aliacha sahani barazani na hakuvuka kizingiti.

Dukani Stanislas aliacha kwenda. Alisema atakwenda kesho. Asubuhi alikuwa kwenye kochi, mchana kwenye kochi, blanketi mabegani, ndevu zimeachwa, macho mekundu. Kilio kilipokwisha alikirudisha mwanzo. Hakulala, kwa sababu mwenye msiba halali wageni wakiwa wameketi. Hakula, kwa sababu chakula kilichoingia mle sebuleni kilikuwa makapi. Mashavu yaliingia ndani. Uchovu wake ukamhamia Kanyere. Aliamka miguu mizito, nywele zinanuka moshi, ingawa walipikia makaa nje nyuma ya nyumba. Sukari ilikwisha upesi. Majani ya chai yalikwisha upesi. Alijikuta anapanga vikombe kwenye trei, vingi, vingi mno, na hakukumbuka nani alimwomba.

Na kitasa cha mlango. Kila alipotaka kuingia, kitasa kilikuwa kimelowa. Alikifuta kwa kitenge. Akinusa kitenge, ilikuwa klore.

Mchana mmoja alipiga magoti mbele ya kochi. Kwaya ilikuwa inaimba. Alisogeza mdomo kwenye sikio la baba yake.

— Baba. Ni mama anakuya?

Stanislas alitikisa kichwa, hapana.

— Mama yako iko anaimba. Hawezi kuacha. Hawa ni bengine.

— Ni banani?

— Wa Mangina. Wa Oicha. Kuko na wa huku huku Butembo. Ni wale hakuna mutu alibalilia. Bamesikia kilio, bakaona moto, bakaingia. Wa mufuko. Na wa pori, wale waasi balibachinja na hakuna mutu alibaokota.

— Baba, zima.

— Nikizima nitasema nini? Unafukuza batu mu kilio, weye? Bamekuya kumulilia mama yako, Kanyere. Mutu hakukuya ule mwaka. Hawa bamekuya.

Machozi yalimtoka bila uso kusogea. Alikuwa mwepesi, Kanyere alipomshika mkono alihisi mfupa wote. Akaelewa jambo moja tu, wazi kama mchana: kilio hiki hakina mtu wa kukifunga, na baba yake atakaa na wageni wake mpaka awe mmoja wao.

Alipoinuka, mkeka uliokuwa kando ya kochi ulikuwa umebonyea. Hapa. Na hapa. Na hapa, padogo, pa mtoto.

Siku ile ile alikwenda kwa Anne-Marie. Walikaa jikoni wakinong'ona, ingawa hapakuwa na mtu.

— Kilio kinafungwa na upande wa marehemu, alisema Anne-Marie. Siyo weye, siyo miye. Kahongya ana kaka. Tumuite Sikuli.

Sikuli, mjomba wa Kanyere, alilima kakao Mangina. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye kucheka, ambaye hakukosa kilio cha mtu yeyote katika eneo lake. Alikuwa na koti moja jeusi kwa kazi hiyo, na watu walisema koti linajua njia lenyewe. Alifika Beni kwa pikipiki, akapanda gari mpaka Butembo, na matope ya barabara yalikuwa bado kwenye suruali aliposimama mlangoni na kumtazama Stanislas.

— Shemeji, umekonda kama antena.

Hakuna aliyecheka. Sikuli mwenyewe alisikia neno lake likifa. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Uso wake ukabadilika polepole, ukawa ule uso mzito wa mtu aliyeingia mahali pa msiba na kukuta wengi wamemtangulia. Akavua kofia.

— Kumbe ni bengi hivi, alisema kwa sauti ya chini. Hata nafasi ya kupitisha mguu hakuna.

— Mjomba unabaona?

— Sibaoni. Mais mutu anajua kilio kikijaa.

Hakuogopa. Hilo ndilo Kanyere alilikumbuka baadaye, kwamba mjomba hakuogopa. Alikuwa nyumbani kabisa katika jambo lile. Aliomba ufagio, maji ya kawaida, na wembe. Alimnyoa Stanislas kichwa na ndevu pale pale kwenye kochi, na Stanislas alikubali kama mtoto. Kisha Sikuli alikwenda kwenye ampli. Aliyatazama yale makaa ya vioo. Kahongya alivuta pumzi.

Sikuli akazima.

Wimbo ulikatika. Lakini mafua hayakukatika. Watu walivuta makamasi, mmoja akaguna, mwingine akajifunga nguo upya. Kwa muda mrefu. Na vile vioo vilikuwa vikipoa, vyekundu, hudhurungi, vyeusi.

Sikuli alisimama katikati, mikono imekunjwa mbele, akasema kwa sauti ya kazi, ile ambayo ameisema kwenye vilio vingi:

— Bandugu, bamama, bazee. Muliacha nyumba zenu, mulikuya kulala chini kwa ajili ya dada yetu Kahongya. Hatuna kitu cha kuwarudishia. Aksanti, aksanti, aksanti. Leo machozi yamefika mwisho, kilio tumekifunga, kila mutu arudie kwake. Na siku ya kilio ya kwenyu, mutuite, na sisi tutakuya. Miye Sikuli na shemeji yangu Stanislas, tutakuya.

Ni maneno ambayo kila mtu husema. Ukija kwangu nitakuja kwako. Bila hayo huwezi kuwaaga watu waliokaa na wewe chini. Anne-Marie, nje barazani, aliitikia amina. Hakuna aliyeona kosa ndani yake.

Sikuli alifungua mlango. Kanyere alikuwa amesimama kando, na upepo ukatoka. Haukuingia, ulitoka. Baridi ilimpita mkononi kama nguo zinavyompapasa mtu kanisani watu wakitoka kwa wingi. Ilipita. Ikapita. Harufu ya klore ikapita nayo, na moshi, na kitu kama udongo uliochimbwa. Alidhani haitakwisha. Sikuli alisimama wima kizingitini, akiinamisha kichwa, akiinamisha kichwa.

Mwishoni alisimama kidogo zaidi. Akasema, polepole:

— Ndiyo.

Kisha akapiga kofi. Sauti ikagonga ukuta, ikarudi nyembamba, ikitetemeka kama bati. Anne-Marie akapiga kigelegele kule nje na kuanza kulia.

— Mjomba, Kanyere alimwuliza, ulikuwa unamuitika nani?

— Mutu mumoja wa mwisho. Aliniuliza kama ni kweli.

— Kweli ya nini?

Sikuli alivaa kofia yake. Alionekana amechoka, ghafla, kama mtu aliyebeba magunia.

— Sikuuliza. Mu kilio unaitikia tu.

Stanislas alilala siku ile, na siku iliyofuata, mchana na usiku. Alipoamka aliomba fufu na mboga ya sombe, akala, akaomba tena. Chumvi ilikuwa chumvi. Walirudisha meza ndani, wakarudisha Bikira Maria ukutani, wakang'oa trei za mayai zikawa za kuwashia moto. Ampli aliifunika kwa kitambaa, na hakuiuza wala hakuiwasha. Alirudi dukani. Nywele zilianza kuota kichwani, za mvi, fupi, na mashavu yakarudi kidogo kidogo. Alianza hata kumtania dada yake, na dada yake akapata nguvu za kugombana naye tena.

Kanyere alilala pia. Alilala kama jiwe. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa ugonjwa aliamka bila kuhisi kwamba ametumwa mahali na hajafika. Alifikiri: imekwisha. Baba amebaki.

Ilikuwa Jumatano, saa za mchana, manyunyu. Stanislas alikuwa amerudi kula na kujinyoosha kidogo. Kanyere alikuwa anachambua maharagwe juu ya meza simu ilipolia. Alikuwa mke wa Sikuli, kutoka Mangina, na sauti yake ilikuwa kavu.

— Kanyere. Mujomba yako iko kwenyu?

— Hapana, mama. Kwa nini?

— Alitoka shamba juzi, jua likiwa kichwani. Akaoga. Akavaa lile koti lake. Nikamuuliza, kilio cha nani? Hakuna mutu alikufa huku. Akasema bamemuita. Nikasema, ba wapi? Akaonyesha pori.

— Na hakurudi?

— Viatu vyake viko ku mulango. Amevipanga muzuri, pamoja, kama mutu anaingia mu nyumba ya mutu. Na kitasa... Kanyere, sisi hatujaweka klore mu nyumba tangu ugonjwa uishe. Mbona kitasa kinanuka klore?

Kanyere alikuwa anatazama mlango wao wenyewe.

Kitasa kilikuwa kinashuka. Taratibu. Kwa upande wa ndani, tone moja la maji lilitokea chini yake, likaning'inia, likaanguka.

Kisha hodi. Mara moja, kwa upole, kwa vifundo vya vidole.

Aliweka simu juu ya maharagwe, ikiwa bado inaita jina lake. Alikwenda mpaka mlangoni, akaegemeza bega pale, akashika kitasa kwa mikono miwili. Kilikuwa baridi. Kililowesha viganja vyake.

Nyuma yake, chumbani, kitanda kililia. Baba yake ameinuka.

— Ni nani? aliuliza Stanislas, sauti ya usingizi.

— Hakuna mutu, baba. Lala.

— Nimesikia hodi.

— Baba, usiitike. Nakuomba. Usiitike.

Alimsikia akifungua kabati la nguo. Alimsikia akitafuta kati ya nguo, bila haraka, na akajua anatafuta koti. Alijaribu kupaza sauti amwite Anne-Marie, amwite jirani, amwite yeyote. Sauti ilitoka, ikamfia midomoni.

Sebule ilikuwa imejaa.

Na upande wa pili wa mbao, karibu kabisa na sikio lake, mwanamke mmoja alivuta pumzi, akaongea kwa upole, kwa adabu yote, kama watu wanavyoongea na mtoto wa watu:

— Tufungulie, binti yangu, usiogope. Mujomba yako aliisha kufika, iko anakaa karibu na moto. Anauliza baba yako anakuya saa ngapi.